Mwonja asali anayeanza kwa kubana pua

Saa mbili asubuhi, Bungu. Mwantumu Tamimu (54) amefumba macho. Warda, mke wa mwanawe, anafikicha jani kiganjani na kumsogezea puani. Ndoo tisa za asali kutoka delta ya Rufiji zimepangwa ukutani, na hakuna itakayofunguliwa kabla Mwantumu hajalitaja jani hilo kwa jina.

Ananusa. Ananusa tena.

Mwantumu ndiye mwonjaji wa kikundi cha wanawake kumi na wanne wanaofuga nyuki kwenye mikoko. Yeye hukubali ndoo au huikataa, na kwa miaka tisa neno lake halijapingwa kikundini. Uonjaji wake huwachekesha wageni: anabana pua, anaweka tone ulimini, anangoja kidogo, kisha anaachia.

Mwandishi wa makala haya naye alipewa vijiko viwili, pua kaibana. Vyote vitamu, basi. Alipoachia, kimoja kilibaki sukari tupu ya kuchemsha. Cha pili kilimjaa kinywa kizima kwa maua ya mchu, mmojawapo wa mikoko, na tope la mikokoni, akabaki anacheka peke yake.

"Ulimi unajua utamu, chumvi, uchachu na uchungu," anasema Mwantumu. "Hayo mengine mnayoyaita ladha ni pua, mwanangu. Yanapandia huku nyuma, kooni."

Hayo ya kooni alielezwa na Elieth, muuguzi anayeishi Mchukwi, baada ya mkasa wa mwaka juzi. Msimu wa kurina asali, Mwantumu alishikwa na mafua makali. Pilau akiila, haoni ila chumvi. Akanyamaza, maana mwonjaji asiye na pua ana kazi gani? Akapitisha ndoo sita kwa ulimi peke yake, kumbe mbili zilirinwa kwa moshi wa makumbi mabichi ya nazi. Mteja wa Dar es Salaam alirudisha chupa zote arobaini kwa kunuka moshi, na jina la kikundi likachafuka.

Wenzake walitaka kumlaumu mrinaji. Mwantumu alisimama kikaoni akasema kosa ni lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye aliona heri aumbuke mwenyewe. Hakuomba radhi tu, aliomba na sheria: kila asubuhi mwonjaji anusishwe jani, akishindwa kulitaja, haonji.

Sasa mteja yule amerudi. Anataka chupa mia mbili, na ndoo hizi tisa ndizo zake.

"Mchaichai," anasema Mwantumu hatimaye.

Warda anafungua kiganja. "Ni mlimau, mama."

Mwandishi ndiye aliyeona haya. Mwantumu anapenga kamasi, anainuka kwenye kigoda na kumpa Warda kijiko. Kisha anachuma jani lake, anamfumba macho binti huyo, naye anajibu bila kusita kwamba ni mpera.

"Kikundi kilikuwa na pua moja, na pua moja ikaugua," anasema Mwantumu. "Leo tunazo mbili. Mchu ukichanua tena, nataka tuwe na ya tatu."

Warda anapitisha ndoo tatu. Kwenye ya nne anaachia pua, anakunja uso, anairudia. Ndoo hazina majina, zina namba tu. Anaisukuma pembeni.

"Ina moshi," anasema.

Kwenye daftari la namba, ni ndoo ya mizinga ya Mwantumu mwenyewe. Anaitazama, kisha anamgeukia mwandishi, uso umemng'aa.

"Umeona? Huyo nimemfundisha mimi."