Tafakari ya Atupele Mbele ya Shangazi

Tangu wazazi wetu wafariki, mimi ndiye ninayewasomea wadogo zangu Biblia kila alfajiri, kabla sijakwenda kuuza mchele mpakani Tunduma. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kusoma najua. Huwa nasoma mpaka nipate la kuwaambia, kisha nafunga kitabu na kutoa tafakari.

Wiki iliyopita shangazi alikuja kutoka Kamsamba, akitaka kumchukua kitinda mimba wetu, Atupele, akamlee yeye.

"Watoto kulea watoto, mh!" alisema.

"Shangazi, lala hapa. Asubuhi utaona tunavyoishi."

Asubuhi nikasoma habari ya kondoo, nikafungia pale alipopotea. Kisha, kwa kujigamba, nikamwachia Atupele tafakari. Nilitaka shangazi asikie mtoto aliyelelewa kwa Neno.

Atupele akasimama, akashika kiuno, akakunja uso kama ninavyokunja mimi.

"Kondoo alipotea kwa sababu kuna mtu humu ndani hakufunga banda," akasema. "Anajijua. Na leo ataosha masufuria yote. Tuombe."

Wadogo zangu wakafumba macho bila kushangaa, kama kila siku. Shangazi hakufumba. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mwanangu," akamwambia Atupele taratibu, "na mchungaji alipompata yule kondoo, alimfanyaje?"

Atupele akafikiri kidogo.

"Sijui, shangazi. Dada huwa hafiki hapo."