Usingizi wa Mchana

Mume wangu alijigonga goti kwenye chuma cha kitanda na akapita kama vile hakuna kilichotokea. Akafika mlangoni, akatoka uani, akaanza kuinama ili akae kwenye kiti. Hapo ndipo alipopiga yowe, na halikuwa yowe la mtu aliyejikwaa, bali la mtu anayevunjwa mfupa. Mama yake alikuwa akichambua mboga chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha matete kisicho na kuta. Aliinua macho, akanitazama mimi badala ya mwanawe.

"Umemfanya nini?"

Sikuwa nimemfanya kitu. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, mguu bado uko kwenye kanyagio. Lakini siku hizo kila kilichompata kilikuwa na mimi ndani yake.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kazi na wa kelele. Alipakua mizigo uwanja wa ndege wa Juba, maboksi na magunia yaliyotoka Nairobi na Entebbe, na jioni akirudi nyumbani kwetu Mangateen ulimsikia kabla hujamwona, kwa sababu alipiga mluzi njia nzima. Tulikutana hapa Juba baada ya kila mmoja wetu kurudi kivyake. Mimi nilikulia Kitale, yeye kwenye makambi ya kaskazini mwa Uganda, kwa hiyo hata Kiswahili chetu hakikufanana. Nilipomsahihisha alicheka. "Kiswahili yako iko na nguo mingi," aliniambia. "Yangu iko uchi, lakini inatembea."

Wakati fulani amani iliposhika kidogo, yeye na mdogo wake walikwenda kulima shamba la baba yao upande wa kusini, karibu na mpaka. Mimi nilibaki mjini na binti yetu. Walifyeka vichaka kando ya kijito, wakapanda muhogo na karanga, na alipokuja kunitembelea alilalamika kuhusu nzi wa kule wanaouma hata juu ya shati. Kisha bunduki zikaanza tena. Yeye akarudi Juba, mdogo wake akakimbilia Uganda kwa mama yao. Baada ya muda tukapata habari kwamba yule mdogo amerukwa na akili, halafu kwamba amefariki kwenye kambi ya maombi. Hatukupata nauli wala nafasi ya kwenda kumzika.

Wakati huo ugonjwa wa mume wangu ulikuwa umeshaanza, kwa homa iliyokuja na kuondoka. Juba kila homa ni malaria, na isipokuwa malaria ni taifodi. Alitibiwa zote mbili, zaidi ya mara moja. Kisha akaanza kujikuna mpaka ngozi ikawa na mikwaruzo mirefu. Kisha usingizi. Alilala juu ya magunia kazini, msimamizi wake akamvumilia, akamwonya, mwishowe akamwambia asirudi. Nyumbani alisinzia akiwa na tonge mdomoni, nikawa namtikisa ili ameze. Giza likiingia alikuwa macho, akizunguka uani, akifungua na kufunga lango.

Na tabia ikageuka. Mtu aliyekuwa akioga mara mbili kwa siku sasa alikojoa ukutani mbele ya majirani. Siku moja binti yetu, aliyekuwa na miaka saba, alicheka kitu na mwenzake. Baba yake aliinuka akampiga kofi lililomwangusha chini. Hakuwahi kumpiga tangu azaliwe. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani.

Kwenye zahanati walisema ni mawazo mengi, wakampa vidonge vya kutuliza. Vikamzidishia usingizi.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Uganda. Sitaki kumfanya mtu mbaya. Alikuwa mwanamke aliyelea watoto peke yake ukimbizini, na mmoja alikuwa ameshamzika. Alipomkuta wa pili analala mchana kama paka na hamtambui vizuri, alitafuta sababu, na sababu ilikuwa pale mbele yake: mke wa kabila lingine, aliyelelewa Kenya, mwenye mtoto mmoja tu, tena wa kike.

"Wewe unakula mtoto yangu," aliniambia bila kupandisha sauti. "Pole pole unamkula."

Wakaja watu wa maombi. Walifunga na kuomba, na wakamfungisha na yeye pia, mtu ambaye tayari mbavu zilikuwa zikihesabika. Alipowasukuma, ndugu zake wa ukoo walimfunga kwa kamba ya nailoni kwenye nguzo ya rakuba. Niliifungua. Wakaifunga tena. Niliifungua mara ya pili, na mmoja wao akanishika mkono akasema nikiigusa tena nitarudishwa Kitale bila mtoto. Mume wangu aliketi pale akipiga mayowe kila alipoguswa, tena si pale pale alipoguswa, bali baadaye kidogo, wakati mkono ulikuwa umeshaondoka. Mchungaji akasema hiyo ni dalili. Pepo, alisema, anasikia moto wa jina takatifu kabla mwili haujasikia.

Kilichomwokoa ni vidonda. Kamba ilikata ngozi ya vifundo vya mikono, ikaoza, ikanuka. Hata mama mkwe aliogopa. Wanaume walikuwa wameondoka kwenda msibani. Nikamwambia, "Mama, tumpeleke akafungwe bandeji tu. Maombi yataendelea." Akafikiri, akachukua leso yake, akasema twende.

Hospitali ilikuwa imejaa, watu wamelala hadi kwenye veranda. Tulikaa chini tangu asubuhi. Daktari aliyetufikia alikuwa mwanamke wa makamo, Mkongomani kutoka upande wa Ituri, na nilishukuru Mungu nilipomsikia anaongea Kiswahili, ingawa chake kilikuwa cha namna yake. Alimshika mkono mume wangu juu ya kidonda, akaubana ili aone kama kuna usaha. Mume wangu hakutikisika. Daktari akamwachia, akageuka kuchukua pamba. Ndipo yowe likaja.

Aligeuka taratibu. Pamba bado ilikuwa mkononi.

"Baba, unisamehe," alisema. Akambana tena, safari hii paja, mahali pasipo na kidonda chochote, akaondoa mkono na kungoja. Sote tulingoja. Mume wangu alitazama ukuta. Kisha uso ukamkunjika na akalia.

Daktari hakugusa vidonda tena. Alisimama nyuma yake, akapapasa shingo kwa vidole, pande zote mbili, chini ya nywele. Akachukua mkono wangu akauweka pale. Kulikuwa na vinundu laini, vinavyoteleza, kama kunde zilizolowekwa. Nilikuwa nimelala na mtu huyu miaka yote hiyo na sikuwahi kuvigusa.

"Analalaka muchana?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na usiku anatembeatembea?"

"Ndiyo, daktari."

"Alikuwa wapi mbele ya kugonjwa? Alilima pa pori, karibu na maji?"

Nilimweleza shamba, kijito, nzi. Aliitikia kwa kichwa kila nilipotaja kitu, kama mtu anayesikiliza njia ya kwenda kwao.

Walimchoma sindano kwenye kimojawapo cha vile vinundu, wakavuta tone, wakalipeleka kwenye hadubini. Baada ya muda daktari aliniita niangalie. Mwanzoni niliona ukungu tu. Kisha nikaviona, vitu vyembamba vinavyojinyonganyonga katikati ya chembe za damu na kuzisukuma, kama nyuzi zilizokatwa zikapewa uhai. Nikaondoa jicho. Vilikuwa ndani yake tangu shambani, vikila na kuzaana, wakati sisi tunabishana kuhusu nani amemroga.

Ilibaki kujua kama vimefika kichwani. Walimkunja kama mtoto tumboni, watu wanne wakamshika, wakamtoa maji ya uti wa mgongo. Alinitukana kwa lugha ya mama yake muda wote huo. Majibu yalikuwa mabaya. Vimefika.

Daktari alituketisha wawili, mimi na mama mkwe, kwenye benchi nje ya chumba chake.

"Huyu hana wazimu," alisema. "Na hakuna mutu amemuroga. Ni malale, ugonjwa wa usingizi. Unaletwa na mbung'o, ule nzi wa pori. Unaenda pole pole, unaweza kukaa mwaka, miaka, mutu anafikiri ni malaria. Kisha unaingia mu bongo, na mutu anageuka."

Mama mkwe aliuliza, "Iko dawa?"

"Iko."

"Hii dawa ni mpya?"

"Hapana, mama. Matibabu iko tangu zamani. Kazi ni kuujua tu."

Nilidhani mama mkwe ananifikiria mimi, maneno aliyonitupia, na nikajiandaa kusikia kitu. Lakini hakuwa pale na mimi. Alikuwa Uganda.

"Iko mwingine," alisema. "Mdogo yake. Alikuwa nalala na chakula ndani ya mdomo. Ukimshika alikuwa nalia nyuma, nyuma kabisa, ukishaacha. Hii shingo yake iko hivi." Akajishika nyuma ya shingo. "Walisema ni shetani. Tulimfunga kule kwa maombi, siku mingi, bila kula. Mimi ndiyo nilishika miguu."

Daktari angeweza kusema hatujui, huenda kilikuwa kitu kingine. Hakusema. Alimshika goti, akakaa naye hivyo mpaka muuguzi akaja kumwita.

Mama mkwe aliteleza kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele, kama wanavyokaa wanawake wa kwao msibani. Hakulia. Watu walipita wakiruka miguu yake. Nami nilikuwa nimengoja miezi mingi mtu aseme kwamba sikuwa mchawi. Sasa limesemwa, na sikuhisi furaha yoyote. Niliketi chini kando yake. Hakunisukuma, wala hakunigeukia.

Dawa hazikuwa Juba. Ilibidi ziletwe kwa ndege, na watu waliozipakua bila shaka ni wale wale waliokuwa wakibeba mizigo pamoja naye. Alitundikiwa dripu asubuhi na jioni, na vidonge katikati. Alitapika kila kitu. Alasiri moja alipatwa na kifafa, kitanda kizima kikatetemeka, na mama mkwe akakimbia nje ya wodi akiwa amejiziba masikio. Mimi nilishika kichwa chake kama nilivyoelekezwa. Nilifikiri, basi, tumefika hapa ili tujue jina la kitu kinachomuua.

Hakufa. Siku zilivyosogea akaanza kulala saa za watu kulala. Asubuhi moja nilimkuta amekaa, anatazama wodi kama msafiri aliyeshushwa mji asioujua. Akaniita mama wa binti yake. Akaomba chai, akainywa yote. Kisha akamtazama mama yake na kuuliza, "Ndugu yangu iko wapi? Mbona hakuja kuniona?"

Alikuwa amesahau. Kifo cha mdogo wake kilikuwa kimefika kwetu wakati ugonjwa tayari umemshika, na hakikupata mahali pa kukaa.

Nilimtazama mama mkwe. Nilitaka kujibu kwa niaba yake, lakini alininyooshea kiganja ninyamaze.

"Alikufa," alisema.

"Alikufa na nini?"

"Na hii yako."

"Na yeye hakupata dawa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mama mkwe aliinuka akachukua kikombe kilichokuwa kitupu, akaenda kukiosha, akakaa huko bombani muda mrefu sana. Mpaka leo sijui kama alimjibu. Walizungumza baadaye kwa lugha yao, wakiwa peke yao, na sikuuliza.

Mimi na binti yetu tulipimwa, tukawa wazima. Mama mkwe alirudi Uganda. Alipofika alikwenda nyumba hadi nyumba kwa wale waliokimbia kutoka upande ule wa kijito, akiwaambia wakapimwe, na nasikia wengine walimwita kichaa naye. Wazee wa ukoo walinitumia mbuzi, kunisafisha jina. Nilimpokea. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniomba msamaha, na nimeacha kuungoja. Anapopiga simu huuliza kwanza habari za mtoto wake, kisha husema, "Na wewe, unakula?" Nafikiri anamaanisha zaidi ya chakula.

Mume wangu alirudishwa hospitali mara kadhaa kutolewa tena yale maji ya mgongo. Daktari wetu wa Ituri alikuwa ameshahamishwa. Aliyekuja baada yake, kijana mpole, alisoma majibu akampa mkono. "Umepona," alimwambia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu cha Juba, ili lisipotee.

Amepona. Halali mchana. Lakini mkono wa kulia unatetemeka, hawezi tena kubeba mzigo, na maneno humjia polepole, kama yanavuka tope. Mluzi haupo. Nilimuuliza mara moja, akajaribu, ikatoka pumzi tu, naye akacheka kwa aibu. Anakaa na mimi akivunja karanga za kuuza huku nikishona. Ni mpole, mpole kuliko hata zamani, na baadhi ya siku upole huo hunitisha, kwa sababu sijui ni wake au ni kile kilichobaki.

Binti yetu hajamrudia. Nimemweleza habari za nzi na za vile vitu nilivyoviona kwenye hadubini, naye husikiliza na kukubali kila neno. Akitumwa ampelekee baba yake chakula, huweka sahani chini, mbali kidogo, mahali ambapo mkono wa baba hauwezi kufika, kisha huondoka haraka. Baba yake huinuka, huifuata sahani, na kusema asante. Binti huwa ameshaingia ndani.