Mawingu Ndani ya Upanga wa Guka

Juzi nilienda kwa daktari wa meno pale mjini baada ya jino la nyuma kunitesa wiki nzima. Nikalala kwenye kile kiti chao, nikafungua mdomo, na kabla sindano haijaonekana harufu ya mafuta ya karafuu ikanipata puani. Basi, jino likasahaulika. Daktari anauliza maswali yake, mimi niko mtaani kwetu Woodley, nina miaka kumi, nimevaa sweta ya shule siku ya Jumamosi, na Shosho, nyanya yangu, ananiambia nishike vizuri upande wangu nisimwangushe Guka. Guka, babu yangu, alikuwa marehemu zamani. Tulichokuwa tumebeba ni upanga wake.

Usicheke kwanza. Kaa nikupe yote.

Miaka hiyo ya mwanzo wa elfu mbili tuliishi watatu katika nyumba ya kaunsil, yaani ya kupanga ya halmashauri ya jiji: Shosho, Baba na mimi. Mama alikuwa na kazi Eldoret, akija mwisho wa mwezi na gunia la viazi. Nikiikumbuka Woodley naikumbuka Julai tu, sijui kwa nini, kana kwamba miezi mingine haikufika kwetu. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya vigae vya paa na juu ya ua wetu wa kayaba, ile miti ya miiba mirefu, hata jirani akipita nje ulisikia viatu vyake kabla ya kumwona. Ndani kulikuwa na jiko la makaa, redio ikisoma matangazo ya vifo, na chai iliyochemka na maziwa hadi ikashika rangi ya matofali. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharagwe. Nilichambua polepole makusudi, kwa sababu Shosho alikuwa akiongea wakati wote huo, na maharagwe yakiisha hadithi nazo zinaisha.

Upanga wenyewe Guka aliutoa Bama, nchi ya mbali huko Asia, alikopelekwa kupigana vita vya wazungu. Ulikuwa wa afisa fulani wa Kijapani. Aliupataje? Hakusema hadi anakufa. Shosho alimuuliza mara moja tu, akauona uso wake, hakurudia. Alikuja nao umeviringishwa ndani ya blanketi la jeshi, akamwonyesha bibi arusi wake hata kabla ya kumwonyesha mama yake. Halafu ikaja Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, watu wanafungwa kwa kukutwa na kisu cha jikoni, wakaufukia chini ya zizi la mbuzi. Walipoufukua miaka ilikuwa imepita, mpini umeoza na chuma chote kimekuwa chekundu. Guka akazungusha mpira wa tyubu ya baiskeli pale pa kushikia, akaanza kuukatia ua. Mimi niliukuta hivyo, umesimama nyuma ya mlango pamoja na ufagio.

Sasa, Shosho alikuwa na neno lake moja kuhusu huo upanga. Alisema ndani yake kulikuwa na mawingu. Si juu, ndani. Alisema ukiuinamisha kwenye mwanga, kando ya makali unaona mawingu meupe yamejipanga toka mwanzo hadi ncha, na ukiuinamisha tena yanatembea. Sisi tunaangalia kile chuma, tunaona kutu. Baba alikuwa akicheka chini chini kwa heshima. Anti alicheka kwa sauti.

Anti alikuwa dada mkubwa wa Baba. Alikuwa na nyumba yake mtaa wa Mountain View, sakafu safi hata ungeweza kulia chakula juu yake, viatu vyote mlangoni. Mwanamke wa moyo mzuri, lakini aliwapenda watu jinsi alivyopenda sufuria zake, yaani bila kuwapumzisha. Na mwaka huo alikuwa na sababu. Shosho alikuwa ameanza kusahau. Alitia sukari kwenye githeri, mahindi yetu na maharagwe. Aliacha birika motoni akaenda kanisani siku ya Jumatano, akakuta limefungwa, akaketi kwenye ngazi kuwangojea waumini, huku moshi wa jikoni kwetu ukiwakusanya majirani wote. Jumapili iliyofuata Anti akaja, akala, akapangusa mdomo, akatangaza kwamba Mami anahamia Mountain View na nyumba irudishwe kaunsil. Mchana hakuna mtu, alimwambia Baba. Mtoto yuko shule, wewe uko barabarani, siku moja atajichoma.

"Akili imeanza kwenda," akamalizia, na Shosho ameketi hapo hapo. "Si mnasikia hata hii mambo ya mawingu?"

Shosho aliweka kijiko chini. Hakupandisha sauti.

"Tafuteni mtu anajua panga za Wajapani. Akiangalia akose mawingu, nitakuja kwako kesho yake na sitafungua mdomo. Akiyapata, mniache kwangu na akili yangu."

Weh! Moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi. Shosho akienda, mimi ningekuwa nikitoka shule kuja kumkuta nani?

Kumbe mtu alikuwapo. Baba alikuwa dereva wa mhandisi mmoja Mjapani, mzee wa kujenga barabara, na mzee huyo aliwahi kumsimulia kwamba baba yake alikuwa na panga za kale na yeye utotoni ndiye aliyezipaka mafuta. Baba akajipa moyo akamuuliza. Mzee akasema uletwe ofisini Jumamosi auone kama unafaa kutengenezwa. Ukifaa, ataupeleka mwenyewe kwa fundi wa kwao, usuguliwe kwa mawe pole pole hadi urudi ulivyokuwa. Shosho aliposikia hivyo alianza kuimba akiosha vikombe, na akaimba wiki nzima.

Anti alikuja Ijumaa kulala kwetu ili twende pamoja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wewe unawajua watu wetu. Mtoto hapelekwi kwa wageni na pua chafu. Mjapani atasema sisi ni watu gani? Basi asubuhi, sisi tukiwa bado kwenye blanketi, Anti alifungua ule mpira wote wa tyubu, akachukua jivu, mafuta taa na waya wa kusugulia sufuria, akakisugua kipande cha chuma kinachokaa ndani ya mpini hadi kikang'aa kama kijiko. Upande wa makali ulimshinda, kutu ilikuwa imeingia sana. Lakini pale pa mpini alifanya kazi hata mimi nikampongeza. Hakuwa na nia mbaya, nataka hilo lieleweke. Alitaka ashinde, ndiyo, lakini alitaka pia tuonekane watu.

Tukaufunga kwa shuka ya Shosho. Pale mjini, kwenye jengo la ofisi, askari wa mlango alimjua Baba lakini kazi ni kazi, akauliza tumebeba nini kirefu hivyo.

"Mgonjwa," Shosho akamjibu, akapita.

Mzee alitupokea na chai isiyo na maziwa, ambayo Anti aliitazama akaiacha. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani. Kabla ya kuugusa upanga aliuinamia, kabisa, kama anaamkia mkubwa. Kisha akatuomba tusiongee juu ya chuma, maana mate huleta kutu. Sisi! Familia ambayo hata sala ya chakula tunabishana. Tukafunga midomo. Kiswahili chake alikuwa amefundishwa na vibarua wa barabara, hakikuwa na mapambo.

Alianza kwenye kile kipande kilichong'aa. Akakaa akikitazama.

"Hapa nani naosha?"

"Ni mimi," Anti akasema. "Ni usafi tu."

"Mama, kutu ya hapa si uchafu. Hii ni miaka yake. Fundi ya kwetu naangalia kutu ya hapa, najua ni ya lini. Na jina ya ile mtu natengeneza, ilikuwa hapa." Akapitisha kidole kwenye mikwaruzo miwili mitatu iliyobaki. "Sasa imeenda."

Anti alikaza mkoba wake kifuani akatazama zulia, na nikamhurumia ghafla.

Mzee akahamia kwenye makali, akayafuata kwa jicho karibu kabisa, nusu ya kwanza, nusu ya pili. Katikati akasimama. Alituonyesha ufa mwembamba kama unywele uliopanda kutoka kwenye makali. Labda ni Bama, labda ni shina la kayaba, nani ajuaye.

"Hii hapana tengeneza," akasema, na alikuwa na huzuni ya kweli. "Hapa imekufa. Fundi atasugua, atasugua, chuma nakwisha, ufa nabaki. Pole sana."

Baba akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuchukua shuka. Anti akamgusa mama yake begani na kumwambia kwa upole kwamba atampa kile chumba chenye jua. Huo upole ndio ulioniliza. Machozi yalinitoka bila ruhusa.

Shosho hakusogea kitini.

"Mimi sikuuliza kama unafaa," akasema. "Mwambieni aniangalilie mawingu."

Mzee akauliza mawingu gani. Shosho akanyoosha kidole juu ya upanga bila kuugusa, akachora hewani, kupanda, kushuka, kupanda, akifuata makali toka mwisho hadi ncha, halafu akainamisha kiganja chake hivi, kama mtu anayemwaga maji kidogo. Mzee alitazama ule mkono. Akaacha kutabasamu kwa adabu. Akavuta droo, akatoa vijiwe vyembamba kama kucha na bakuli la maji.

"Dirisha," akasema. "Moja, dogo, hapa kwa chuma."

Sijui tulikaa muda gani. Kijiwe kilikuwa kikienda na kurudi chini ya kidole chake, sehemu isiyozidi upana wa stempu, na sauti yake ilikuwa ndogo hadi ukalazimika kuitegea sikio. Huko chini wachuuzi walikuwa wakiita bei za soksi, mabasi yakipiga honi, na yote yalifika kwetu yamechoka, kama yanatoka mji mwingine. Maji kwenye bakuli yaligeuka kahawia. Mzee akabadilisha kijiwe, akaanza upya. Baba alisinzia. Mimi nikaona vidole vya Shosho kwenye goti vikienda na kurudi pamoja na vya mzee, na sikutaka iishe, kwa sababu kabla haijaisha Shosho alikuwa bado wetu.

Mwishowe akafuta kwa karatasi laini, akadondosha mafuta. Harufu ya karafuu ikajaa chumba.

"Mafuta ya jino," Shosho akanong'ona.

Mzee akausogeza upanga chini ya taa, akauinamisha. Akatuita, lakini hakumwita Shosho kwanza. Alimwita Anti. Anti akainama, akakunja uso, akahamisha kichwa kulia. Halafu akatulia. Nikapenyeza kichwa changu chini ya mkono wake. Yalikuwapo. Ndani ya kile kidirisha, kando ya makali, kulikuwa na mawingu meupe, alama ya moto wa fundi aliyeutengeneza, na mzee alipougeuza mkono wake yakatembea.

"Mami," Anti akasema. "Ai, Mami."

Tuliporudi Woodley hakuna aliyetaja Mountain View. Anti aliingia jikoni kuchemsha chai. Baba alivuta kigoda akaketi mbele ya Shosho, chini yake, kama mtoto.

"Mami, ni nini kingine ulituambia tukacheka?"

Shosho alifikiri. "Kingine hamkucheka, kwa sababu sikusema. Si mimi niliyaita mawingu. Ni msichana wangu."

"Mimi?" Anti akauliza toka jikoni.

"Si wewe. Aliyekutangulia."

Shosho akaeleza akitazama mikono yake. Alikuwa msichana mwenye jina la mama ya Guka, na kila jioni, kabla upanga haujafukiwa, aliomba utolewe aangalie mawingu. Alikufa kijijini wakati wa Emajensi, kuhara kwa siku chache tu, Anti akiwa mtoto wa mgongoni. Guka akasema asitajwe, hawezi. Shosho akanyamaza kwa ajili yake, na hata Guka alipokufa akaendelea kunyamaza kwa mazoea.

"Sasa nimeanza kusahau vitu," akasema. "Nikaogopa nitamsahau na yeye. Nikataka mtu aniambie kama yale alikuwa akiona yalikuwa ya kweli."

Kwetu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na wa pili la mama ya mama. Anti aliitwa jina la mama ya Shosho. Maisha yake yote watu walimtania kwamba yeye kifungua mimba aliruka mstari, na yeye akawajibu kwamba wazazi wake walikuwa watu wa kisasa. Alisimama mlangoni na birika mkononi, mama wa miaka hamsini na kitu, akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Kisha akaweka birika chini, akaja akalaza kichwa mapajani mwa mama yake.

Shosho alibaki kwake. Anti alimtafutia msichana wa kukaa naye mchana, na kila Jumamosi alikuja mwenyewe, si kusugua kitu, kuketi tu na kusikiliza. Hadithi zilipungua moja baada ya nyingine. Alimsahau Guka, akanisahau mimi, na iliniuma, sitadanganya. Ule ua wa kayaba uling'olewa, pamejengwa ukuta. Mzee alirudi kwao. Upanga ulipotea tulipohama na hakuna anayejua ulibaki kwenye gari gani. Hata ule ukungu siuoni tena, au labda ni mimi nisiyeamka mapema. Natamani asubuhi moja tu ya Julai, na sinia la maharagwe lisiloisha.

Siku ya mazishi ya Shosho, mwenye kuongoza shughuli alimwita Anti kwa kipaza sauti: sasa tumsikie kifungua mimba. Anti akainuka kutoka kiti cha kwanza cha familia, akashika kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi ni wa pili," akasema.

Watu wakanong'onezana. Akasema jina la dada yake, wazi, mara moja. Na alipomaliza kuzungumza hakurudi pale alipokuwa ameketi. Alikaa kiti kilichofuata, akatufanya sote tusogee, na kile cha kwanza akakiacha wazi hadi mwisho.