Mama Dorca na Raundi ya Tatu ya Gordon

Bondia wa uzani mzito amewalaza sakafuni wanaume sita mfululizo. Wewe utamweka nafasi ya ngapi?

Kama umesema ya kwanza, karibu, tuko wengi. Mimi nilisema hivyo hivyo mwaka wa 1986, nikiwa katibu wa klabu yetu ya ndondi Kisumu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miezi minne tu, na niliamini hakuna kitu kisichopimika kwa hesabu. Aliyenitoa katika ujinga huo alikuwa na ndoo mkononi.

Jina lake Dorca Anyango. Alizaliwa upande wa Sondu, akaolewa Obunga, na tangu 1972 alikuwa msafishaji wa ukumbi tuliofanyia mazoezi na mapigano. Turubai la ulingo alilisugua akiwa amepiga magoti, kona hadi kona, na miaka kumi na minne ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha jambo ambalo majaji wetu wenye tai nyeusi hawakulijua. Alijua bondia alisimama wapi. Anayerudi nyuma ovyo huburuta kisigino na kuacha mstari mweusi. Mwoga hulowesha kamba za upande mmoja kwa jasho la mgongo wake. Anayeijua kazi huacha alama ndogo ndogo kila mahali, kama kuku aliyepita kwenye unga.

Kwa hiyo mabondia wazito wa kanda nzima, mazoezi yakiisha, hawakumuuliza kocha. Walipitia nyuma ya ukumbi, alikokuwa akikamua matambara yake, wakasema, "Mama, niko ngapi?" Alijibu nambari tu. "Tatu." "Sita." Na mtu wa kilo tisini alipokea sita yake akaenda zake.

Juni ile tuliletewa barua. Kanda ipeleke mabondia wawili wa kila uzani kwenye majaribio ya timu ya taifa, Nairobi. Wawili tu. Orodha iandikwe na katibu, yaani mimi, na wale wawili wa juu wapande basi Jumatatu.

Katika uzani mzito, Kisumu ilikuwa na jina moja mdomoni. Gordon Ochieng, mpakiaji wa magunia ya mchele kule Ahero, miaka ishirini na mbili, mwenye mkono wa kulia ambao ukitua, refa anaanza kuhesabu bila kuangalia. Sita aliwamaliza kabla ya raundi ya tatu. Kila alipopigana tulirudi nyumbani sauti zimekauka kwa kushangilia. Nilimwandika wa kwanza kwa wino mwekundu, nikampelekea Mama Dorca karatasi nikidhani atafurahi.

Alikausha mikono, akasoma. "Huyu ni wa tano."

"Mama, amewaangusha sita."

"Nitajie hao sita, mwalimu."

Nikataja, naye alikuwa na jibu kwa kila jina. Wa kwanza na wa pili walikuwa walinzi wa mashamba ya mchele, walioingia ulingoni kwa sababu siku hiyo Ahero ilikosa wanaume wakubwa. Wa tatu alipimwa kwenye mizani ya pamba akiwa na buti miguuni. Kilo zake za kweli zilikuwa za uzani wa chini. Wa nne alikuwa ametoka kupakua mawe tangu alfajiri.

"Na wa tano na wa sita ni mtu mmoja," alisema. "Huko Sondu alijiita jina lingine."

"Umejuaje?"

"Wote hupitia hapa. Mtu akitaka nambari yangu, aseme ukweli wake kwanza." Akanirudishia karatasi. "Mimi huyo kijana nampenda. Lakini sijawahi kusafisha raundi yake ya tatu. Nitasemaje kitu sijaona?"

Niliwaka, na kilichoniwasha zaidi ni kwamba alikuwa sawa. Kila siku nilisimama mbele ya darasa nikihubiri kwamba ukweli hautafutwi kwa kelele, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekubali majina sita bila kuuliza hata moja.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wetu, Mzee Nicodemus. Nilitaka Gordon apigane Jumamosi na Wasike, askari jela, ambaye kwa Mama Dorca alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Simiyu, fundi wa kiwanda cha sukari, na huyo nafasi yake kwenye basi hakuna aliyeibishia.

"Unataka kumharibia kijana safari?" Mzee aliuliza.

"Nataka ajulikane."

"Anajulikana mpaka Homa Bay."

"Kwa nani, Mzee? Kwa walinzi?"

Alicheka, akakubali. Aliamini Wasike hatafika raundi ya pili.

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Mama Dorca alisimama karibu na kona ya bluu na ndoo yake. Kengele ikalia, na kabla sijakaa vizuri mkono wa kulia wa Gordon ulikuwa umetua. Wasike akapiga goti. Refa akahesabu hadi nane. Paa la mabati lilikaribia kung'oka.

Lakini Wasike aliinuka. Raundi ya pili akaanza kuzunguka, ngumi ya kushoto, tena ya kushoto, kama mtu anayebisha mlango akijua mwenyewe yumo ndani. Gordon akarudi nyuma mpaka kona ya dirishani, akabaki hapo. Nilitazama sura yake nikaona jambo geni: alikuwa anafikiri.

Raundi ya tatu jicho lilikuwa limevimba, mkono wa kulia haunyanyuki. Nilijiambia sasa ataanguka. Hakuanguka. Alikula ngumi tatu, akarudisha moja kwa mkono wa kushoto, akatoka kwenye kona, akarudisha mbili. Ukumbi mzima ukasimama, nami nikajikuta juu ya kiti.

"Omera, ndugu yangu, kumbe huyu ana mkono wa kushoto," mtu alisema nyuma yangu.

"Alikuwa ameuficha wapi?"

"Ahero, ndani ya gunia."

Majaji watano: watatu Wasike, wawili Gordon. Maganda ya miwa yakaanza kuruka. Mimi nilipanda ulingoni, nikamkuta Mama Dorca tayari anatembea ameinamisha kichwa.

"Tazama." Mistari miwili ya visigino ilielekea kona ya dirishani. Kisha, kutoka kona hiyo hadi katikati, alama ndogo ndogo. "Hizi ni za mwisho. Alitoka mwenyewe, hakuna aliyemfungulia. Ni wa tatu."

"Ameshindwa, na amepanda?"

"Jana sikuwa nimemwona. Leo nimemwona."

Wa tatu hapandi basi. Mzee Nicodemus alikuja na kalamu yake mwenyewe. "Bwana Katibu, mwandike Gordon wa pili. Wasike ana kazi ya serikali, ataenda mwaka ujao."

"Wasike ameshinda, Mzee."

"Kwa jaji mmoja."

"Basi jaji mmoja anatosha."

Niliandika: Simiyu, Wasike, Gordon. Nikatia sahihi hapo hapo. Mzee aliniambia ukatibu wangu utakwisha mkutano ujao, na kweli ulikwisha. Kisha nikamfuata Gordon kwenye benchi nimwambie mwenyewe.

"Mama amesema ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

Akajifunika taulo kichwani. Nilienda nyumbani nikiamini kwamba nimemvunja.

Kesho yake, Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilirudi kusaidia kubomoa ulingo, maana saa tatu kanisa moja lilitumia ukumbi kwa ibada. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Gordon alikuwa ulingoni miguu mitupu, jicho moja limefunga kabisa. Mbele yake alisimama Mama Dorca, leso ameikaza kiunoni, akimsukuma kifuani kwa mpini wa ufagio.

"Rudi," alisema.

Gordon akarudi hatua.

"Umeburuta. Nani atasugua hiyo? Inua mguu. Tena."

Akainua. Mpini ukamfuata, naye akazunguka kwa wepesi kuelekea kona ya pili, akipumua kwa mdomo. Waimbaji wawili wa kwaya walikuwa wameshafika na ngoma yao. Waliiweka chini mlangoni polepole, wakabaki wamesimama, wakingoja afike kona ya nne.