Mninga wa Mtandaoni

Nilipostaafu ualimu nilijifunza useremala, na kazi yangu ya kwanza ikawa kitanda cha mama, anayeishi Kisarawe. Nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Tangini, niliagiza mbao za mninga mtandaoni, zipelekwe moja kwa moja kwake.

Siku mbao zilipofika nilikuwepo. Mama aliukwaruza ubao mmoja kwa kisu, akaunusa, akacheka.

"Mwanangu, huu ni mkaratusi uliopakwa rangi."

Nikampigia muuzaji kwa video. Alikuwa dada mchangamfu, akaapa kwamba ni mninga halisi. Mama akaninyang'anya simu.

"Shikamoo mama," dada akasema, sauti ikashuka.

"Marahaba. Marehemu mume wangu alikuwa mpasua mbao. Wewe mninga umewahi kuuona?"

Dada akakiri: alikuwa muuza viatu, mbao ameanza juzi, na yeye mwenyewe aliuziwa hivyohivyo.

Nilitegemea afokewe. Mama akamwambia aje Jumamosi afundishwe. Akaja kweli, na mbao nyingine, wakazikagua pamoja asubuhi nzima bila kuniuliza chochote.

Kitanda nilikimaliza, kwa mninga halisi waliouchagua siku hiyo. Kinalia mama akijigeuza, lakini anasema hilo si kosa la mninga.