Mtama wa Kununua

Siku ya Umuganura, sikukuu ya kuonja mavuno mapya, Mukandekezi alifika uwanjani umande haujakauka. Alikuwa amemlipa mwenye baiskeli ambebee mitungi miwili ya pombe ya mtama. Akaiweka pale anapoiweka kila mwaka, kando ya wauza vikapu, akaifunika midomo kwa majani ya mgomba, akakaa peke yake.

Masika ya mwaka ule mlima ulikuwa umeporomoka alfajiri. Mumewe, Sebahire, alikuwa ametoka na jembe kuzibua mfereji, maji yasije yakalala shambani, na udongo ukashuka naye. Walimpata siku ya tatu, chini bondeni. Shamba lenyewe halikuonekana tena. Palibaki mwamba mtupu.

Wateja walianza mapema, maana pombe yake ilikuwa na jina katika vilima vile. Kati ya waliokuja alikuwepo mzee Rwabukumba wa ng'ambo ya mto, ambaye huonana naye mara moja tu kwa mwaka. Akavuta mrija, akatabasamu.

"Shemeji, yule mvivu wako umemficha wapi? Au keshalewa, hawezi kusimama?"

Mukandekezi, huku akipangusa ukingo wa mtungi, akamjibu kwamba walimzika mwezi wa nne. Mzee akavua kofia. Akakaa hapo kwenye nyasi muda mrefu, pombe yake haigusi.

Saa nne akaja Kayijamahe, mkuu wa kamati ya sherehe. Walikuwa wameonja pombe za wauzaji wote, na kama mwaka jana, ya Mukandekezi ndiyo iliyoshinda. Akamtaka apande jukwaani, alitaje shamba lake, kisha awanyweshe wazee mtama mpya.

"Chukueni ya mwingine," Mukandekezi akasema. "Huu mtama nimeununua sokoni. Sijui hata aliyeulima."

Kayijamahe akainama, akapunguza sauti. "Mama, wewe taja shamba lenu tu. Nani atakukatalia?"

"Shamba halipo. Siwezi kusimama mbele za watu nikawanywesha uongo."

Ikachukuliwa pombe ya Nyirangendo, jirani yake, mwanamke mwenye ulimi mkali, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akishika nafasi ya pili na kueneza kwamba watu hawafuati pombe ya Mukandekezi, wanafuata vichekesho vya mumewe. Mukandekezi akageuka upande ili asimwone akipanda kwa maringo. Lakini sauti iliyotoka kwenye kipaza ilikuwa ndogo.

"Mtama huu umetoka kwenye shamba langu, linalopakana na la marehemu Sebahire," Nyirangendo alisema. "Alfajiri ile nilimsikia akichimba upande wangu. Aliyageuza maji yasiingie kwangu. Mimi sikutoka, mvua ilikuwa kubwa. Basi na mjue, bila yeye leo nisingekuwa na hata punje."

Wazee wakanywa, ngoma zikaanza, lakini kwa wauza vikapu watu walikuwa wakimtazama Mukandekezi kwa kuibia.

Baadaye Nyirangendo alikuja na kibuyu cha pombe ile ya jukwaani. Hakuomba msamaha. Alichuchumaa, akakitoa kwa mikono miwili, na Mukandekezi akakiacha hapo hewani kitambo kabla ya kukipokea.

"Miezi yote hii ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua."

"Na ulimsikia kweli?"

"Nilimsikia."

"Alikuwa anasema nini?"

Nyirangendo akafikiri. "Hakuwa anasema kitu. Alikuwa anapiga mluzi."

Mukandekezi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akimkataza mumewe mluzi kila siku, akimwambia anamwamshia watoto. Akakaa na kibuyu mapajani, asinywe, asikirudishe. Mteja mmoja alipokuja kuuliza kama pombe bado ipo, alimwambia asubiri kidogo.