Wamemtuma mama kwangu na isale ili nirudishe kabati

Admin, jina langu lifiche, ila hasira yangu iache kama ilivyo, watu waione. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mke wa mtu, nina watoto wawili, naishi Moshi mjini. Kwetu ni Uru. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, na kwa mila zetu yeye ndiye aliyerithi kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, na nyumba ya wazazi. Sijawahi kulalamika. Baba alipofariki niliambiwa nisaini, nikasaini, nikarudi kwangu.

Mwaka jana tulihamia nyumba yetu wenyewe. Ukuta mmoja wa sebule ulikuwa mtupu, nikawa natafuta kabati la vyombo. Nimezunguka maduka ya fenicha hapa mjini mpaka visigino vikauma. Yote ni maranda yaliyogandishwa, yakabandikwa karatasi inayong'aa, ukivuta droo mara mbili unabaki nayo mkononi. Mimi nilitaka la kizamani, lile fupi, pana, la mbao nzito, kama la mama. Kumbe la mama lenyewe lilikuwa kwenye banda la kuku.

Sitii chumvi. Nilipanda Uru kumsalimia mama, nikapita nyuma kukata ndizi, nikakuta kuku anatagia kwenye droo ambayo mama alikuwa anaweka Biblia na vitambaa vyake vya kudarizi. Nikamuuliza wifi, mke wa mdogo wangu. Akacheka. "Aah wifi, lile gogo lilikuwa linanijazia nyumba. Siku kuni zikiisha nalipasua." Mama alikuwa amekaa hapo hapo anamenya ndizi za mtori, hakuinua hata macho.

Nikasema basi, nipeni mimi. Wifi akasema, "Chukua, ila utuletee jipya, la vioo, lenye taa." Mdogo wangu akasema sawa dada. Mama ndipo akanishika mkono, akaniambia, "Chukua, mwanangu. Hilo baba yako alinichongeshea nilipokuzaa wewe." Wiki hiyo hiyo niliwapelekea la vioo lenye taa, wakapiga nalo picha familia nzima. La mama likashuka mjini limejaa kinyesi cha kuku.

Fundi alilihangaikia mwezi mzima, kupiga msasa, kubadilisha miguu miwili iliyooza, kupaka vanishi. Akaniambia, "Dada, huu ni mvule mtupu. Siku hizi utautafuta usiupate." Siku niliyoliingiza sebuleni nililia kama mtoto. Mama alikuja kuliona, akalipapasa pembe zote nne, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Hiyo ndiyo furaha niliyoipata, basi.

Kosa langu ni moja, nililiweka stetasi. Wifi akaliona. Na la kwao wakati huo lilikuwa limeshavimba kwa unyevu wa kule juu, milango haifungi. Mdogo wangu akanipigia, hata salamu hakuna. "Dada, umetutapeli. Umetupa makaratasi, wewe ukaondoka na mvule. Hiyo ni mali ya nyumbani, na mtoto wa kike haondoki na mali ya nyumbani."

Mtoto wa kike! Kuku alipokuwa anatagia humo lilikuwa mali ya nani? Nilimjibu maneno ambayo admin ungeyafuta, nikakata simu.

Nikadhani yameisha. Jumanne asubuhi nafungua mlango, namkuta mama amesimama peke yake. Kashuka na bodaboda kutoka Uru, na magoti yake yale. Namwamkia shikamoo haitikii, anafungua pindo la kanga, anatoa jani la isale. Kwa msiotoka huku, isale ndiyo tunayoombea msamaha. Mtu akikuletea, hata awe amekufanyia nini, hukatai. Tunasali Jumapili, lakini isale hukatai.

Nikamwambia, "Mama, wewe umenikosea nini?"

"Sijakukosea. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Wanasema ikitoka mkononi kwangu hutaikataa. Wape kabati lao, mwanangu. Mimi ndiye ninayelala kule."

Jamani, jamani! Tangu lini isale ikawa ya kunyang'anyia watu vitu? Mkosaji amekaa kwake na mkewe wanakunywa chai, anamsukuma bibi kizee barabarani akaombe msamaha ambao si wake! Nilifoka mpaka mama akaogopa. Nikamwambia abaki kwangu, chumba kipo, chakula kipo. Hataki. Baba amezikwa kihambani, naye anasema atalala pale pembeni yake, na hawezi kugombana na watu watakaomzika. Mume wangu naye anasema niwape yaishe, eti amani ni bora kuliko mbao. Nimemnunia tangu juzi.

Isale niliipokea. Niliipokea kwa mikono miwili, ningemrudishia vipi mama yangu mzazi? Amerudi Uru bila jibu, na Jumamosi mdogo wangu anakuja na gari.

Msiniambie "ni kabati tu", hao wapite kimya kimya. Naomba wazee wa Uchagani mliomo humu mniambie, na wengine wenye akili zenu pia. Ukishapokea isale umesamehe, hilo najua. Lakini kusamehe ndiyo kuwapa? Na Jumamosi nikiwafungia geti, nitakuwa nimewakatalia wao, au nimemkatalia mama?